Kabla ya kulipa kiwanja, ulizeni kwa konsevateri

Katika mitaa ya Bunia, sawa na Beni na Butembo, ukuta mwingi una maandishi ya rangi: "Nyumba hii haiuzishwi." Mwenye kuandika anaogopa. Anajua kama akikimbia vita, ndugu, jirani ao komisioneri anaweza kuiuzisha nyuma yake.

Lakini rangi haitoshi. Kinacholinda nyumba ni kitabu kinachowekwa kwa konsevateri wa vyeti vya ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na haki ya mtu juu ya kiwanja inahakikishwa na cheti cha usajili. Fishi ya komini ao barua ya chefu wa kata si cheti.

Wengi wanalipa kwanza, kisha wanauliza. Hapo ndipo pesa ya miaka inapotea. Mnunuzi aende kwa konsevateri na namba ya cheti, aulize: jina la nani limeandikwa? Kiwanja kiliwekwa rehani kwa banki? Kuna kesi juu yake? Kisha aulize majirani nani aliishi pale mbele ya vita. Kama muuzaji ana ndoa, mwenzake akubali pia. Kama mwenye nyumba alikufa, warithi wote wajulikane.

Hata kiwanja kinachouzishwa kwa mnada wa tribinali kwa sababu ya deni kinaomba uangalifu huo. Kwa sheria za OHADA, zinazotumika Kongo tangu 2012, mshindi wa mnada anapata haki zile tu mwenye deni alikuwa nazo. Kama sehemu ni ya warithi wengine, kushinda mnada hakuifanyi kuwa yake. Masharti ya mnada yanawekwa kwa karani wa tribinali. Yasomwe mbele ya siku yenyewe.

Nazo familia zilizokimbia zisilale. Cheti kipya kikifikisha miaka miwili, haki iliyoandikwa ndani yake haivunjwi tena. Aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia tu. Miaka miwili kambini inapita mbio. Basi fotokopi ya cheti iwekwe mahali salama, na ndugu aliyebaki mjini atumwe kuuliza kama jina halijabadilishwa.

Kiwanja cha mkimbizi kinachouzishwa kwa bei ya chini sana si bahati. Mara nyingi mwenyewe yuko hai, na siku moja atarudi.