Shule za dini: Yale ya Wahindu wa London na yetu ya Gitothua

Katika Kiswahili chetu cha kila siku neno "Mhindi" limetwishwa mzigo usiokuwa wake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Thika ni Mhindi. Fundi mwenye kilemba na ndevu ni Mhindi, ijapokuwa wengine humwita Kalasinga. Mgoa aendaye misa kila Jumapili ni Mhindi, na Ismailia aswaliye katika jamatkhana naye ni Mhindi. Lugha yenyewe haina makosa, kwani imetupatia neno "Mhindu" kwa mfuasi wa dini, na watu wa pwani walikuwa na neno la kale zaidi, "Baniani", walilomwita mfanyabiashara wa Gujarat asiye Mwislamu. Lakini huku bara irabu moja ya mwisho inayotenganisha asili ya mtu na imani yake haisikiki masikioni mwetu. Aghalabu yule mwenye duka wa Thika alikuwa Mwoshwali, na Waoshwali ni wafuasi wa Ujaini.

Naanza na neno hili kwa sababu swali la "nani Mhindu?" limekuwa swali la kujiunga na shule. Nalo limezuka Uingereza, si India, miongoni mwa watu ambao wengi wao wazazi wao au babu zao walikuwa majirani zetu hapa Afrika Mashariki.

Mwezi Septemba 2008 ilifunguliwa katika mtaa wa Harrow, kaskazini-magharibi ya London, shule ya msingi iitwayo Krishna-Avanti. Ilikuwa shule ya kwanza ya Kihindu nchini Uingereza kugharimiwa na serikali. Chakula chake ni cha mboga tupu, wanafunzi huimba nyimbo za ibada, hufanya yoga, na ndani ya eneo la shule limejengwa hekalu. Mwaka 2011 shule nyingine ya jina hilohilo ilifunguliwa katika mji wa Leicester. Kabla ya hapo, tangu 1992, palikuwapo shule ya Swaminarayan katika mtaa wa Neasden, mkabala na hekalu kubwa la mawe lililofunguliwa mwaka 1995. Lakini hiyo ilikuwa ya karo, na mwaka 2020 ikafunga milango yake.

Harrow na Leicester hazikupata Wahindu kwa bahati nasibu. Kenya ilipopata uhuru mwezi Desemba 1963, wakazi wenye asili ya Asia walipewa miaka miwili ya kuomba uraia, na wengi wakabaki na pasipoti za Kiingereza. Mwaka 1967 zikatungwa sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizomfanya asiye raia aombe ruhusa ya kufanya kazi na ya kuuza bidhaa katika mji aliozaliwa. Ndege zikajaa. Bunge la Uingereza, likiogopa wingi wao, lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya Machi 1968 ya kuwazuia watu wenye pasipoti zake lenyewe. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, nao wapatao 27,000 wakaishia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilinunua tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende huko. Walikwenda, na baada ya miaka 39 mji huohuo ukapata shule ya serikali ya Kihindu.

Wapo wanaouliza, na wanafunzi wangu ni miongoni mwao, kwa nini watu waliokimbia ubaguzi wajitenge tena kwa shule za peke yao. Swali hili lina uzito, lakini mtu wa Kiambu hana haki ya kuliuliza kwa mshangao. Mwaka 1929, wamisheni walipowataka waumini wa Kikuyu waape kuachana na tohara ya wasichana, maelfu waliondoka makanisani na kuwaondoa watoto wao shuleni. Tohara ile siitetei, na leo sheria yetu inaikataza. Ninachokizungumzia ni kile kilichofuata. Wazazi walichanga fedha na kujenga shule zao, za chama cha KISA na za Karing'a, pamoja na makanisa yao huru. Mwaka 1939 Mbiyu Koinange alianzisha chuo cha ualimu huko Githunguri, na Jomo Kenyatta aliporudi kutoka ng'ambo mwaka 1946 akaja kukiongoza. Serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo kuanzia 1952. Wale hawakuwa watu walioukataa Ukristo wala Kiingereza. Walitaka mtoto asome, na katika kusoma kwake asifundishwe kuwaonea haya waliomzaa. Mama wa Kigujarati aliyezaliwa Nakuru na kuzeekea Harrow hataki zaidi ya hayo.

Isitoshe, katika nchi ile shule ya dini si jambo geni. Takriban theluthi moja ya shule za serikali za Uingereza ni za kidini, na karibu zote ni za Kianglikana na za Kikatoliki. Ikiwa kodi ya Mhindu hugharimia shule ya askofu, kuna hoja gani ya haki ya kumnyima ya kwake? Mimi sijaisikia.

Ugumu uko mahali pengine. Shule inayogharimiwa na serikali ikipata maombi mengi kuliko nafasi, haina budi kuchagua, na ikichagua kwa dini, haina budi kuipima dini hiyo. Wayahudi walikutana na jambo hili mapema. Shule moja mashuhuri ya London, JFS, ilimnyima nafasi mtoto ambaye mama yake aliongoka katika sinagogi lisilo la madhehebu ya shule hiyo. Kwa kanuni yao, Uyahudi hurithiwa kwa mama. Desemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza, majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba kumpima mtoto kwa ukoo wa mama ni ubaguzi wa asili, hata kama kanuni hiyo ni ya kidini. Tangu hapo shule ya namna ile haiwezi kuuliza "umezaliwa na nani?" Inaweza kuuliza tu "unafanya nini?" Shule ikaanza kuhesabu mahudhurio ya ibada.

Sasa uchukue upimaji huo uuweke mbele ya Uhindu. Hii ni dini isiyo na mwasisi mmoja, isiyo na kitabu kimoja cha pekee, wala ubatizo, wala shahada. Jina lenyewe si la waumini: Waajemi waliitamka s ya mto Sindhu kuwa h, wakawaita watu wa ng'ambo ya mto Hindu. Lilikuwa jina la mahali kabla ya kuwa jina la imani. Mhindu mmoja huenda hekaluni kila alfajiri, mwingine huwasha taa nyumbani mbele ya picha ya mungu wa ukoo wake na hekaluni hafiki ila kwa sherehe ya Diwali. Mmoja hagusi nyama, mwingine, wa Bengal, hawezi kufanya karamu bila samaki. Wote ni Wahindu. Lakini shule ya Harrow, ambayo maongozi yake ya kiroho ni ya wafuasi wa Krishna, hapo mwanzo iliweka mbele familia zilizoshika ibada nyumbani na hekaluni, zisizokula nyama wala kunywa pombe. Baadhi ya Wahindu wenyewe walilalamika kwamba kipimo hicho kingewaacha nje Wahindu wengi wa nchi hiyo. Nadhani walilalamika kwa haki. Nadhani pia kwamba wenye shule hawakuwa na hila: walitakiwa wachore mstari, wakauchora pale palipochoreka.

Hiyo ndiyo gharama ninayotaka walimu waitazame vizuri. Fedha za serikali zinapoingia, imani inaanza kuonekana katika umbo lile tu linaloweza kutiwa saini na kuhani. Mzazi anajifunza kuhudhuria kwa ajili ya cheti. Mtoto anajifunza kwamba kuna Wahindu halisi na Wahindu pungufu, jambo ambalo nyanya yake wa Kisumu hakulijua, maana huko wote waligawana hekalu moja na jirani Mjaini akaja kula peremende siku ya sikukuu.

Nikiwa mwanaisimu, nina wasiwasi wa pili, nao naona ni mzito kuliko huo wa kwanza. Krishna-Avanti iliamua kufundisha Kisanskriti. Ni uamuzi wa heshima. Kisanskriti ni lugha ya Veda, na sarufi yake iliyoandikwa na Panini zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita inastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa isimu. Lakini hakuna nyanya wa Harrow anayemgombeza mjukuu kwa Kisanskriti. Wanagombeza kwa Kigujarati na kwa Kikachi, tena Kigujarati cha Afrika Mashariki, chenye kisu na fagio na sufuria ndani yake, ambamo muhogo huitwa mogo, jina ambalo mikahawa ya London imelichapa katika orodha za vyakula. Nasi tulipokea kwao gari, bima, laki, gunia na chapati. Lugha hii ya kubadilishana vitu vya jikoni na vya dukani ndiyo iliyolea imani yao kwa karne nzima. Shule inapoiruka na kwenda moja kwa moja kwenye lugha ya maandiko, inampa mtoto dini ya kusomea na kumwondolea ile ya kusemea.

Mwaka 1985 kamati iliyoongozwa na Lord Swann, iliyochunguza elimu ya watoto wa jamii ndogo nchini Uingereza, ilipendekeza lugha za nyumbani ziachiwe jumuiya zenyewe. Jumuiya zimejitahidi, kwa madarasa ya Jumamosi katika kumbi za kukodi. Kila mwalimu anajua saa mbili za Jumamosi zinaweza nini mbele ya saa thelathini za wiki.

Kiswahili kina methali kwamba mwacha mila ni mtumwa. Wachache hukumbuka kuwa katika Kiarabu neno hilo "mila" lilimaanisha dini na jumuiya ya waumini. Sisi tukalifanya desturi. Neno la Wahindu, "dharma", halikubali hata kugawanywa hivyo. Imani na desturi na wajibu vimo ndani yake pamoja, na ndiyo maana kuikata dharma ikae kwenye fomu ya kujiunga na shule ni kazi ngumu.

Je, sisi tumefanya vyema zaidi? Kwa jambo moja, ndiyo, na sisikii tukijisifu nalo. Kenya ina somo la Elimu ya Dini ya Kihindu, linalotahiniwa katika KCSE sawa na Elimu ya Dini ya Kikristo na ya Kiislamu. Silabasi yake haiishii kwa Wahindu: inajumuisha Ujaini, Ubudha na dini ya Makalasinga. Mwanafunzi haulizwi kama anakula nyama. Anaulizwa anachojua. Waliotunga somo hilo hawakulazimika kuamua nani ni Mhindu kamili, kwa kuwa somo halina mlango wa kufungwa.

Lakini hebu tuje hapa Gitothua. Mtaa wetu, kama sehemu kubwa ya Ruiru, umejaa watu waliotoka kila pembe ya nchi, na shule za binafsi zimeota kando ya barabara kama uyoga, nyingi zikiwa na jina la mtakatifu au aya ya Biblia mlangoni. Karibu zote zinafundisha dini moja tu. Mwalimu mmoja aliniambia kuhusu mtoto wa Kiislamu darasani mwake anayesoma Elimu ya Dini ya Kikristo mwaka wa nne sasa, tena anapata alama za juu, kwa kuwa mwalimu wa somo lake hayupo na saa ya somo haiwezi kuachwa wazi. Hakuna aliyemlazimisha kwa maneno. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake. Ratiba ya masomo haijaisoma Katiba. Mahakama nazo zimetupa majibu mawili katika mwaka mmoja: Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua, kwa sababu za kiutaratibu, ruhusa ya wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule ya Isiolo inayodhaminiwa na kanisa, na Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ikamrudisha darasani msichana wa Kirastafari pamoja na nywele zake.

Na lugha? Ukisimama nje ya lango lolote la shule hapa Gitothua saa kumi alasiri, utasikia Kiswahili na Sheng. Kikuyu, Kikamba na Kiluo vimebaki kwa wanaokuja kuwachukua watoto. Tunamsikitikia mjukuu wa Harrow asiyejua Kigujarati ilhali wa kwetu, umbali wa nusu saa kutoka Githunguri, hawezi kufuata mahubiri ya babu yake.

Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo na halihitaji bajeti. Katika saa za Elimu ya Dini, muhula mmoja kwa mwaka, vitabu vya masomo yote matatu viwekwe juu ya meza moja, na kila darasa lisome sura moja ya dini isiyokuwa yake, bila mtihani. Vitabu vipo, vimeidhinishwa, na vinauzwa. Mwanafunzi wa Gitothua akimaliza kidato cha nne aweze angalau kueleza kwa nini mwenye duka wa Thika si Mhindu, na ni kitu gani basi. Wanafunzi wa ualimu walio katika vyuo vyetu nao wanaweza kuanza mapema zaidi, wiki ijayo ya mazoezi, kwa kumwuliza kila mtoto swali ambalo shule zetu huliruka siku ya kumwandikisha: nyumbani kwenu mnasali kwa lugha gani?