Msaada wa Maafa Uwe Jembe

Askari na polisi ndio watu wa kwanza kufika mahali palipopatwa na maafa, na mara nyingi ndio wa kwanza kuondoka. Wakisha kuokoa walio hai, kuzika waliokufa na kufungua barabara, amri huja, nao hurudi kambini. Leo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wenye sare juu ya kazi inayobaki nyuma yao, kwani bila ya kazi hiyo jasho lao laweza kupotea bure.

Mfano mwema tunaupata Japani. Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko kubwa la ardhi liliitikisa pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, likafuatwa na mawimbi ya tsunami. Watu zaidi ya 18,000 walikufa au kutoweka. Serikali ilipeleka askari wapatao 100,000, pamoja na polisi kutoka mikoa mingine. Kazi yao ilistahili sifa.

Lakini mwananchi aliyeokolewa alisimama ufukweni akiwa hana kitu. Hekta zaidi ya 20,000 za mashamba zilikuwa zimefunikwa na maji ya chumvi. Katika mkoa wa Miyagi, wafugaji wa chaza walipoteza chelezo na kamba wanazotumia kuwaning'iniza chaza baharini. Chaza hachumwi kama mchicha. Aweza kuchukua miaka miwili au mitatu kukomaa. Je, mfugaji ale nini mpaka wakati huo?

Wako wasemao kwamba fedha za bure huzaa uvivu. Wahenga nao walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunakubali. Lakini jembe la watu hawa lilikuwa limechukuliwa na bahari!

Serikali ya Japani iliwarudishia jembe hilo. Wakulima wa mpunga walioungana kusafisha mashamba yao walilipwa yeni 35,000 kwa kila eneo linalokaribia robo eka. Wavuvi walilipwa ujira kwa kuondoa vifusi katika bahari yao wenyewe. Vyama vya ushirika vilisaidiwa kununua mashua za kutumiwa na wanachama. Wafugaji wa chaza waliokubali kushirikiana walilipiwa gharama za uzalishaji. Mavuno yakiuzwa, fedha zilirudishwa, na zikipungua, serikali ilibeba sehemu kubwa ya hasara.

Hatusemi kwamba mpango huo haukuwa na kasoro. Wako wazee ambao hawakurudi tena baharini, kwani miaka ya kungoja ilizidi nguvu walizobakiwa nazo. Hilo latufundisha kwamba msaada ukichelewa humkuta mkulima amekwisha kata tamaa.

Basi, ndugu askari na polisi, siku mtakapoandika orodha ya waliokufa na nyumba zilizobomoka, andikeni pia shamba, wavu, mashua na mbegu. Orodha hiyo ndiyo msingi wa malipo ya haki. Mtu anayeingiza humo jina la uongo, au anayepunja fungu la mwenzake, haibi fedha tu. Anaiba mavuno ya miaka mitatu. Mfichueni bila ya kujali cheo chake.

Kumtoa mtu majini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumrudishia jembe lake.