Meno ya kahawia hayang'arishwi na majivu

Pale Longonot utawaona vijana wanaocheka wakiziba mdomo kwa kuona haya, meno yao yakiwa ya kahawia. Baadhi huyasugua kwa majivu au mkaa wakidhani ni uchafu. Sivyo. Rangi hiyo huletwa na floraidi nyingi iliyomo katika maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa. Huingia menoni utotoni, kabla meno ya ukubwani hayajaota. Hakuna mzizi wala jani la kuiondoa, na majivu hulikwangua jino tu.

Hata hivyo, dawa za kiasili zina kazi yake. Kijiti cha msuaki, ambao Wamaasai huuita oremit, husafisha meno ukitafuna ncha yake ikawa kama burashi. Jino likiuma, karafuu iliyobanwa hapo hutuliza maumivu hadi umfikie daktari.

Mzazi, mkinge mwanao mapema. Hadi atimize miaka 8, mpe maji ya mvua yaliyotekwa kwenye paa safi na kuchemshwa. Kuchemsha maji ya kisima huua viini, lakini floraidi hubaki.