Kitabu Kilichokushinda Shuleni

Katika nyumba nyingi, kuanzia Kasese mjini hadi Bwera mpakani, lipo sanduku chini ya kitanda, na ndani yake mna vitabu viwili vitatu ambavyo mwenyewe aliapa, siku alipomaliza mtihani, kwamba hatavifungua tena. Hakuvitupa, kwa kuwa kitabu ni mali. Hakuvisoma tena, kwa kuwa vilimtesa. Safu ya juma hili yahusu sanduku hilo.

Sababu ya kulileta jambo hili sasa ni watoto. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika Uganda mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri nalo liliidhinisha agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili lugha rasmi, likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Basi mtoto hurudi nyumbani na kitabu mkononi, akamwomba baba msaada. Baba, tuseme, ni sajini. Kiswahili amekisema kazini miaka kumi na minane, asubuhi na jioni. Lakini akiliona jalada tu, uso wamkunjamana: "Hadithi za vitabuni hizo zilinishinda tangu shule." Mtoto asikiapo hivyo, naye kitabu kimekwisha kumshinda kabla hajaugeuza ukurasa wa kwanza. Maneno hayo ya baba yana nguvu kuliko muhula mzima wa mwalimu.

Yafaa basi mzazi ajiulize: nilichukia nini hasa? Aghalabu mtu akiulizwa habari za kitabu alichokichukia, hujibu habari za mwalimu. Atakueleza fimbo, atakueleza kipindi cha mwisho mchana na njaa yake, atakueleza maswali ya kutaja sifa tano za mhusika mkuu. Kisa chenyewe hakikumbuki. Mwandishi wa safu hii amepitia chuo cha ualimu na anajua kwamba maswali ya namna hiyo yana kazi yake, kwa kuwa darasa la wanafunzi themanini halisahihishwi kwa mazungumzo. Walakini hakuna mtu mzima anayesoma kwa kuhesabu sifa tano. Isitoshe, kijana wa miaka kumi na mitano hakuwa na mke, hakuwa na mkubwa wa kazi, hakuwa na deni dukani. Alipewa kisa cha watu wenye mambo hayo yote, akaambiwa akipende.

Tuchukue mfano mmoja ulio karibu na nyumba za askari: tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyoandikwa yapata mwaka 1599. Wengi waliisoma kwa Kiingereza, wakaichoka. Mwaka 1963 Julius Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa Rais wa Tanganyika, aliitoa kwa Kiswahili. Na mwaka 1969 akaitoa mara ya pili, ameirekebisha, kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais mwenye nchi ya kuendesha alirudi kwenye kazi aliyokwisha kuimaliza, akaitazama upya mstari kwa mstari. Askari aliyeichukia katika Kiingereza cha kale ana mlango mwingine wa kuingilia, tena mlango wa lugha anayoitumia kila siku katika gwaride.

Na akiingia atakuta nini? Atakuta hema la jeshi usiku, na maofisa wawili wanagombana. Brutus amwambia Cassius kwamba alimwomba dhahabu ya kuwalipa askari wake, naye akamnyima. Kabla ya hapo wamekwisha kubishana juu ya mtu mmoja aliyepokea hongo: Brutus alimwadhibu, Cassius alikuwa ameandika barua za kumtetea. Mshahara uliochelewa, hongo, na barua ya mkubwa ya kumkinga mtu wake! Kijana wa shule hawezi kuona uzito wa ugomvi huo. Sajini wa miaka kumi na minane kazini atauona mara moja, na huenda akakisoma kipande hicho mara mbili.

Baada ya ugomvi huo yaja mashauri ya vita. Cassius ashauri wamngoje adui aje, achoke njiani. Brutus ataka waende kumkabili Philippi. Shauri la Brutus lafuatwa, na ndilo baya. Halafu vitani Cassius ampeleka rafiki yake Titinius kuangalia kikosi kile cha mbali ni cha nani. Mtumwa apandishwa kilimani, atazama, atoa habari kwamba Titinius amezingirwa na kukamatwa. Cassius aamini, ajiua kwa mkono wa mtumwa huyo huyo. Kumbe waliomzunguka Titinius walikuwa wenzake, wakimshangilia. Kila aliyepata kufundishwa upelelezi atajua hapo kumetokea nini: jicho limeona sawa, habari imetolewa kwa kosa, na mkubwa hakungoja ithibitishwe.

Ama ndugu zetu wa polisi, wao wasome kile kipande kifupi baada ya mazishi ya Caesar. Umati uliochafuka wamkuta njiani mshairi mmoja aitwaye Cinna. Miongoni mwa waliomwua Caesar alikuwamo mtu mwingine mwenye jina hilo. Mshairi ajitetea kwamba siye. Umati wamrarua hata hivyo, kwa ajili ya jina. Hayo hayahitaji kufafanuliwa kwa askari aliyewahi kumwokoa mtu mikononi mwa watu sokoni. Na kwa akina mama upo ukurasa mwingine mdogo: yule kijana mtumishi anayempigia Brutus muziki usiku, akalala na ala mikononi, naye Brutus, mwenye vita mbele yake, aiondoa taratibu ala isije ikavunjika, na kijana hamwamshi.

Haya yote yalikuwamo tangu zamani. Aliyebadilika ni msomaji.

Si watu binafsi tu wanaobadilika. Hata wenye mamlaka hubadili hukumu. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa riwaya yake Rosa Mistika mwaka 1971, naye alikuwa angali kijana. Kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo ya wanaume na wanawake yaliyomo. Baadaye kilirudi, na leo ni miongoni mwa riwaya za Kiswahili zinazozungumzwa sana. Wazazi waliowanyang'anya binti zao kitabu hicho walikuwa na sababu. Si kitabu cha mtoto mdogo. Lakini kwa maoni yangu yafaa wakisome wao wenyewe sasa, maana kisa chake ni cha baba mkali mno mwenye kumchunga binti kwa kipigo nyumbani, na cha binti huyo anapofika mbali asipoonekana na baba, asijue kujichunga. Sisi wa kambini, ambao kwetu amri ndiyo njia ya kwanza ya kulea, tuna haja ya kukisoma kitabu hicho polepole.

Ama michezo, huko watu huchukia kwa sababu nyingine kabisa. Chukua omweso wa Uganda na bao la pwani. Macho yakitazama, ni kitu kimoja: safu nne za mashimo manane, kete sitini na nne, kila mchezaji na safu zake mbili. Mtu wa kwetu aliyekulia kwenye omweso akikutana na Mtanzania au Mkenya wa pwani katika mafunzo, huketi kwa kujiamini, hupigwa, kisha huinuka akisema bao ni mchezo wa ujanja ujanja. Mwenzake naye husema hayo hayo juu ya omweso.

Kosa ni kudhani kwamba vitu vinavyofanana ni kimoja. Katika omweso kila mtu huanza na kete zake zote thelathini na mbili ubaoni, akizipanga apendavyo. Na huwezi kula mpaka kete yako ya mwisho ianguke penye kete katika safu yako ya mbele, na mashimo yote mawili ya adui yanayolikabili yawe na kete. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi tu ubaoni, sita zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na ishirini na mbili zabaki mkononi. Hizo za mkononi huingizwa moja moja, ndiyo namua. Zikiisha, ndipo mtaji huanza. Tena katika bao hula safu ya mbele ya adui peke yake, na unazokula huzisambaza kuanzia kichwani, kwa kulia au kwa kushoto. Basi aliyezoea kupanga jeshi lake lote kabla ya vita ameingia katika vita ambavyo askari huletwa mmoja mmoja vitani kukiwa tayari kumekwisha kuanza. Si ajabu kwamba alipigwa. Akifundishwa namua kwa jioni tatu, bila kuhesabu nani kashinda, ataweza kusema kwa haki kama aupenda ama haupendi.

Na filamu ni hivyo hivyo. Wapo watu wa Kasese walioanza kuitazama Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya mwaka 2016, wakitarajia Katwe yetu ya ziwa la chumvi, kumbe ni mtaa wa Kampala na habari za binti Phiona Mutesi aliyejifunza mchezo wa sataranji katika umaskini. Wengine waliizima. Filamu haina hatia kwa kukosa chumvi yetu. Tena kwa nyumba yenye mtoto anayedhani sataranji ni mchezo wa matajiri, irudiwe.

Sasa, si kila kitu chastahili kurudiwa, na mtu asijitie adhabu. Mwandishi wa safu hii amejaribu ludo mara nyingi, na watu wa kila umri, na hukumu yake ni ile ile: dadu ndiyo ichezayo, watu huitumikia tu. Kitabu nacho kisomwe kurasa hamsini kwa moyo mweupe. Kikikataa, kirudishwe sandukuni bila lawama. Anayekirudia asitumie fedha mpya. Nakala ya mtoto yatosha, kwa ruhusa yake, au ya maktaba ya shule. Tamthilia isomwe kwa sauti, kila mtu na sehemu yake, onyesho moja kwa jioni. Na baba asijifanye mtahini. Afande akiwa zamu, mama watoto aendelee, na anayerudi asimuliwe yaliyompita.

Lipo jambo moja ambalo halitatuliwi kwa kurasa hamsini. Kiswahili kimekuwa lugha ya amri tangu enzi za King's African Rifles. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile wako wananchi waliokisikia kwenye vizuizi vya barabarani tu, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, lakini Katiba hairekebishi masikio. Ni kweli kwamba hapa kwetu Kiswahili hakikuja na bunduki peke yake: kilikuja na reli iliyofika Kasese mwaka 1956, na watu wa makabila mengi waliochimba shaba ya Kilembe, na wafanyabiashara wa Beni na Butembo wanaovuka mto Lubiriha kuja soko la Mpondwe, ambao husema "batoto" badala ya "watoto" na wote twaelewana. Mwenye duka wa Bwera hukitumia kila siku kwa faida. Lakini mama yake mwenye duka, aliye na miaka sabini na kitu, huenda akaondoka chumbani kinapoanza kusomwa.

Mama wa namna hiyo hakichukii kitabu. Ana kumbukumbu, na kumbukumbu si swala la ladha. Askari aliyemwoa binti yake asimwambie kwamba mambo yale yamepita, wala asimlazimishe kukaa kusikiliza, na watoto wasimcheke. Wakikisoma kile kipande cha mshairi aliyeuawa kwa ajili ya jina lake, mjukuu mmoja na aende jikoni akamsimulie bibi kwa Lukonzo, kama kisa cha kawaida cha jioni, bila kutaja kimetoka wapi. Bibi ataijua habari hiyo. Akitaka kujua mwisho wake, aambiwe kwamba umo katika kitabu kilichoko sebuleni, na kwamba mjukuu yuko tayari kuugeuza kwa Lukonzo ukurasa kwa ukurasa, jioni yoyote atakayoichagua bibi mwenyewe.