Kesi ya Dalali wa Kazi za Nje Haimalizwi Sebuleni



Ndugu zetu wa Arua, Koboko na West Nile kwa jumla, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kusema jambo ambalo wengi wetu tunalijua na tunalinyamazia. Mtu anachukua pesa za familia kwa ahadi ya kazi Saudia, Dubai au Oman. Miezi inapita, viza hakuna, tiketi hakuna, simu haipokelewi. Familia inakwenda polisi. Siku ya tatu wazee wanaitwa, dalali anarudisha nusu, anaapa wallahi nusu nyingine ataileta baada ya mavuno, na mashitaka yanaondolewa. Baada ya hapo dalali yuleyule yuko kijiji kingine anaandikisha majina!

Hii nayo tunaiita sulhu. Sulhu ni jambo jema kati ya mke na mume, au majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Lakini binti atakayetapeliwa mwezi ujao hakuwapo kwenye kikao kile, na hakuna aliyemuuliza. Wazee wamesamehe kwa niaba yake. Haki ya kusamehe kilicho cha mwenzako umeipata wapi?

Na sheria ya nchi haiko pamoja na kikao hicho. Kuendesha kazi ya uwakala wa ajira bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Kuchukua pesa kwa udanganyifu kuna kifungo cha hadi miaka 5. Na aliyemdanganya mtu akamsafirisha ili akanyonywe anaingia katika Sheria ya Kuzuia Biashara ya Binadamu ya mwaka 2009: kifungo cha hadi miaka 15, na zaidi ikiwa mwathirika ni mtoto. Madalali wana neno lao, "alikwenda mwenyewe kwa miguu yake." Sheria hiyo imeshawajibu: ridhaa ya mwathirika juu ya kunyonywa haihesabiwi. Kwa hiyo tunawaambia polisi na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashitaka wazi kabisa: msifungue faili la msichana aliyesafirishwa akanyonywa kana kwamba ni faili la deni. Deni ni la mkopo wa mbuzi.

Kinachouma zaidi ni kwamba dini yetu ndiyo chambo. Msichana anaambiwa, "Unakwenda nchi ya Makka, utafanya Umra, utahiji." Mama anasikia Makka, anauza ng'ombe. Haambiwi kwamba nyumba anayopelekwa binti huenda iko Riyadh, zaidi ya kilomita 800 kutoka Makka, mbali kuliko Arua na Kampala, na kwamba pasipoti yake huenda ikawekwa kabatini kwa mwajiri. Anayemwambia hayo mara nyingi si mgeni. Ni shangazi wa rafiki, ni mtu tunayepeana naye salamu baada ya Ijumaa.

Hatusemi watu wasisafiri. Wapo waliokwenda wakajenga nyumba na kusomesha wadogo zao. Uganda ilitia saini makubaliano na Saudia mwaka 2015. Januari 2016 ikapiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa ndani huko, na mwaka 2017 ikafungua tena. Njia ya halali ipo: kampuni yenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na majina ya kampuni hizo wizara huyatangaza. Anayekwambia upite Busia au Malaba ukapandie ndege Nairobi anakukwepesha maswali ya Entebbe. Jiulize kwa nini. Na kwa kazi za ndani Saudia, gharama za kumleta mfanyakazi ni za mwajiri. Basi zile milioni anazodai dalali wa sokoni ni za nini?

Wengine watasema, "Tukimfunga, pesa zetu tutazipata wapi?" Swali la haki. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia. Na hiyo nusu ya sebuleni, nusu ya pili mmeiona? Pia msimlipe mtu yeyote "pesa ya dhamana" wala "mafuta ya gari": dhamana ya polisi hailipiwi.

Tatizo la kweli ni shahidi. Kesi inaahirishwa leo, inaahirishwa tena, nauli ya Koboko hadi Arua inamwishia, na aliyerudi kutoka Ughaibuni anaona haya kusimama mbele ya watu wanaomnong'ona. Shahidi asipofika, kesi inakufa na dalali anatoka anacheka. Sisi tunaochanga harusi kila mwezi hatuwezi kuchanga nauli ya shahidi mmoja? Kamati za misikiti zianze na hilo, na akina mama wawili watatu wamsindikize binti mahakamani akae katikati yao.

Mwenye kesi mkononi sasa hivi asifute kitu kwenye simu: ujumbe wa kutuma pesa, sauti za WhatsApp, picha ya karatasi aliyopewa. Atoe nakala, ampe mtu wa pili azitunze, aende kituoni na mwenyekiti wa LC1 wa mtaa wake, na asiondoke bila nambari ya kesi iliyoandikwa.

Wabillahi tawfiq.