Laki Nne Zinazofika Mbili

Ukitaka kikao cha ukoo kiitishwe haraka, huna haja ya kuuza shamba la babu. Waambie tu umepigiwa simu urudi kazini, umeahidiwa mshahara mara moja na nusu ya ule wa zamani, na wewe unafikiria kukataa. Shangazi atauliza umelishwa nini. Mjomba atasema hapa si bure, kuna mkono wa mtu. Halafu yule aliyesoma kuliko wote, ambaye kila mtu humsikiliza, atakohoa kidogo na kutoa hukumu: "Presha ipo kila mahali. Afadhali uwe na presha na hela unayo."

Hukumu hiyo imeenea mkoani kwetu Njombe kuanzia stendi ya Makambako hadi mialoni kule Manda, na wanaoitamka hawajawahi kutakiwa waithibitishe. Inapokewa kama busara za wazee. Mimi nasema ni hesabu mbovu, na imewarudisha wengi kazini kwa bei ambayo hawakukaa chini kuipiga.

Nianze na hesabu yenyewe, maana hawa wa "hela unayo" hupenda kuonekana watu wa hesabu.

Namfahamu dada mmoja mzaliwa wa mwambao wa Manda, upande ule Mto Ruhuhu unakoingia Ziwa Nyasa. Alikuwa ofisa mikopo katika kampuni moja ya mikopo midogo Makambako. Asiyeijua kazi hiyo hudhani ni ya kukaa ofisini na kugonga mihuri. Asubuhi ni kuzunguka sokoni na kwenye vibanda vya mbao kukusanya marejesho. Mchana ni kuwasaka waliozima simu, na Makambako ni njia panda: reli ya TAZARA na barabara kuu ya Zambia zinakutana pale na barabara ya kwenda Songea, kwa hiyo mdaiwa akiamua kupotea, asubuhi yuko sokoni na jioni yuko Tunduma. Akipotea, sehemu ya deni lake inakatwa kwa ofisa aliyempitisha. Asipopotea, unapanda bodaboda kwenda kubeba televisheni yake huku watoto wakiwa wanaiangalia. Halafu saa tatu usiku inarushwa ripoti ya siku kwenye kundi la WhatsApp: majina ya maofisa wote, kiasi alichokusanya kila mmoja, waliopungua wameandikwa kwa rangi nyekundu. Bosi haandiki neno. Anaweka alama ya kuuliza tu chini ya jina lako. Ukiiona, usingizi umekwisha.

Akaacha. Siku hizi ananunua usipa Manda, anaupandisha Njombe na Makambako, anauza kwa sado na kwa gunia. Majuzi wakampigia: rudi, safari hii utawasimamia maofisa wenzako, na mshahara utatoka 800,000 alizoziacha hadi 1,200,000. Laki nne zaidi. Ukoo ukashangilia kama vile amefaulu mtihani.

Tuzihesabu hizo laki nne. Kwenye 800,000, NSSF ilikuwa inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Kodi ya mapato kwenye 720,000 zilizobaki ilikuwa 60,000. Bodi ya Mikopo nayo, kwa kuwa alisoma chuo kwa mkopo, ilikata asilimia 15, ambayo ni 120,000. Mkononi zilifika 540,000. Njoo sasa kwenye 1,200,000. NSSF 120,000. Kodi inaruka hadi 152,000, kwa sababu sehemu inayozidi milioni moja inakatwa asilimia 30. Bodi ya Mikopo 180,000. Zinazofika ni 748,000. Laki nne za kwenye simu zimekuwa 208,000 benki.

Najua nitajibiwa kwamba NSSF ni akiba yake, kwamba deni la Bodi lazima lilipwe siku moja, na kwamba kodi ndiyo iliyomwaga zege kati ya Lusitu na Mawengi, barabara ambayo usipa wake unapita. Kweli kabisa, na sina ugomvi na makato. Ugomvi wangu ni na mjomba anayepiga hesabu ya ada ya mtoto kwa kutumia fedha ambazo hazitafika mkononi.

Na hizo 208,000 nazo zina wenyewe. Mama anayerudi nyumbani saa tatu usiku lazima awe na binti wa kazi. Mchana atakula mgahawani. Jumapili atapanda bodaboda kwenda kanisani kwa sababu miguu imechoka. Kisha zinaanza kadi za harusi. Watu wakishajua umekuwa msimamizi, kadi ya 30,000 haikufikii tena, unaandikiwa laki moja kwa heshima ya cheo chako, na ukilipa nusu unatajwa. Kwa wengi niliowaona, nyongeza ya mshahara huishia kwa ndugu wale wale waliokushauri urudi. Huenda ndiyo maana wanashauri kwa bidii vile.

Tuache fedha, twende kwenye saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika kila wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Ni ulinzi mzuri. Lakini kifungu cha 17 cha sheria hiyo hiyo kinawaondoa kwenye masharti hayo ya saa wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakuu wa menejimenti. Maana yake ni kwamba cheo kinachokuongezea mshahara kinaweza kuwa ndicho kinachokutoa nje ya ulinzi. Ofisa wa kawaida akibakizwa hadi usiku ana haki ya kudai ovataimu. Msimamizi anayeangukia kwenye kifungu hicho akibaki naye meza ya pili, ametimiza wajibu tu. Ukigawanya mshahara wake mpya kwa saa atakazokaa pale, huenda ukakuta kila saa imeshuka bei. Katika vikao vyote vya ukoo nilivyokaa, sijasikia mjomba akiuliza kuhusu kifungu cha 17.

Wala saa si suala la uvivu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Walikadiria kwamba kwa mwaka 2016 pekee saa hizo ndefu zilihusika na vifo 745,000 duniani. Mshipa wa kichwani hausomi salari slipu.

Hapa msomi wa ukoo atanirukia. Mbona mabosi wakubwa wanazeeka vizuri, na wanaokufa mapema ni wahudumu na makarani? Ana hoja, tena ina ushahidi. Utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali ya Uingereza, ulikuta wa ngazi za chini wakifa kwa moyo zaidi ya wakubwa wao. Sasa si hiyo hiyo, panda cheo upone?

Isome hadi mwisho. Hao hawakuwa maskini wa kulala njaa, wote walikuwa na ajira ya serikali na mshahara wa uhakika. Ndipo utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 chini ya Michael Marmot, ukachimba sababu, na moja ya zilizojitokeza kwa nguvu ni sauti: mtu ana uamuzi kiasi gani juu ya kazi yake mwenyewe, aifanye lini, kwa mwendo gani, na akisema jambo haliwezekani anasikilizwa au la. Kazi inayodai mengi huku ikikunyima uamuzi ndiyo inayoumiza. Cheo kinasaidia pale tu kinapokuja na uamuzi.

Cheo cha dada yetu kinakuja na uamuzi gani? Malengo ya mwezi yatatoka makao makuu kama zamani. Riba itapangwa huko huko. Hana ruhusa ya kumwongezea mteja wiki moja hata kama mvua imeozesha viazi vyake. Kitakachobadilika ni kwamba saa tatu usiku yeye ndiye atakayeweka ile alama ya kuuliza chini ya majina ya wenzake, na juu yake kuna mwingine atakayemwekea ya kwake.

Watu wa nyanda hizi tungepaswa kuwa wa mwisho kudanganyika na jambo hili. Enzi za mkoloni Njombe na Songea zilikuwa ghala la vibarua. Mawakala wa SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944, waliwakusanya vijana wa huku na kuwapeleka Tanga na Morogoro. Huko manamba, yaani kibarua wa mkataba, alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Wenye mashamba walikuwa na lalamiko moja lisilokwisha: hawa watu wakishapata walichokifuata, wanarudi kwao. Fedha ya kodi, mahari, blanketi, basi. Ukimwongezea mshahara, walidai, ataondoka mapema zaidi. Wakaigeuza hoja hiyo kuwa kisingizio cha kulipa kidogo, na wakamwita Mwafrika mvivu.

Uvivu haukuwapo. Nyumbani kulikuwa na mke aliyeachiwa shamba peke yake, na mvua haimsubiri mtu aliyeko Korogwe. Sitaki kuyapamba maisha ya manamba. Yalikuwa ya kudhalilisha, na kodi ya mkoloni ndiyo iliyowasukuma wengi kwenda. Lakini babu aliondoka na kiasi kichwani na aliijua siku ya kurudi. Mjukuu wake mwenye digrii anarudi kwenye kazi iliyomliza, bila kujua anafuata shilingi ngapi wala atakaa hadi lini. Akizoea milioni moja na laki mbili ataonyeshwa mbili. Mkoloni angemwajiri siku hiyo hiyo.

Nisieleweke kwamba nawahubiria watu waache ajira wakapande parachichi. Wahubiri wa namna hiyo tunao wa kutosha, na wengi wao wanalipwa mshahara. Parachichi inakaa miaka mitatu hivi kabla ya kukupa chochote cha maana. Viazi vina lumbesa na madalali. Usipa ukinyeshewa kabla haujakauka unatupa, na kuna wiki ziwa linachafuka hakuna mtumbwi unaotoka. Dada yetu ana presha, usimwone anacheka sokoni. Tofauti ni kwamba wiki ambayo bei mialoni haimlipi, hanunui, na hakuna wa kumwandika kwa rangi nyekundu.

Wapo ambao hawana nafasi ya kuchagua. Ada inadaiwa, mzazi yuko hospitali, nyumba iko chini ya rehani. Huyo arudi, tena asiombe radhi kwa mtu. Ila arudi kama babu: aandike kiasi anachokifuata, aandike mwezi wa kutoka, na nyongeza aitenganishe na matumizi ya kawaida tangu mshahara wa kwanza, ili siku ya kuondoka isije ikazuiwa na sofa la mkopo. Anayerudi bila tarehe atakaa hadi mwili umtoe.

Kwa wewe mwenye nafasi ya kuchagua, uliyepigiwa simu na sasa unazungukwa na wajomba, sheria imekupa pa kushika. Kifungu cha 15 cha ile ile Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa kwa maandishi, anapoanza kazi, maelezo ya kazi yake, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Yaombe sasa, kabla hujasema ndiyo, na uongeze mawili ya kwako: ni maamuzi gani yatakuwa mikononi mwangu, na deni la mteja aliyekimbia linakatwa kwa nani. Ahadi ya mdomo usiipokee, hata ikitoka kwa bosi mnayesali naye kanisa moja. Wakisitasita kuandika, waambie una mzigo wa kupakia, ukate simu.

Nanyi wajomba, kikao kijacho ulizeni kwanza ni saa ngapi kwa wiki. Mshahara tutaujadili baada ya hapo.