Kabla korali haijanunua tena gita ya base

Korali yetu hapa Kolwezi inakusanya tena feza ya kununua gita ya base. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza tulichanga miezi 7, kila baba wa mugodini akitoa kidogo siku ya mushahara, kila mama wa soko akiongeza chake. Tulinunua gita nyeusi ya kamba 5, yenye vifungo 5 vya kuzungusha na vyuma vya rangi ya zahabu. Muuzaji alituambia: «Papa, hii njo ya kisasa. Ile ya kamba 4 iko ya bazee.» Tulimwamini. Hakuna mutu kati yetu aliyeuliza ndani yake muko nini.

Halafu usiku mumoja tulikuwa kilioni kwa mwenzetu, muchimbaji wa miaka mingi, watu wamejaa mpaka barabarani. Katikati ya wimbo wa pili gita ikaanza kukwaruza kama redio mbovu, kisha kimya. Tulibadilisha kebo, tulipiga ampli ngumi, tulimulaumu kijana mwenye kupiga. Wimbo uliendelea bila base, na kila mutu pale alisikia pengo, hata wale wasiojua gita ni nini. Kesho yake fundi alifungua kifuniko kidogo mugongoni mwa gita, akatoa pile ya volti 9 iliyokufa. Pile! Miezi 7 ya michango, na hatukujua kama iko na pile. Fundi akatuuliza: «Kebo munaiacha ndani usiku?» Ndiyo, tulikuwa tunaiacha. Kwa gita ya namna ile, fishi ikibaki ndani, pile inaendelea kulika hata kama hakuna mwenye kupiga.

Sasa mabishano yameanza tena, na vijana wanataka nyingine ya kamba 5, tena yenye pile. Sisi tunasema hapana, na tunataka kueleza juu ya nini.

Ndani ya kila gita ya base ya umeme kuko kitu kinaitwa mikro. Haiko ile ya kusemea. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, karibu kama unywele, mara elfu na elfu. Kamba ya chuma ikitetemeka juu ya sumaku, umeme kidogo unazaliwa ndani ya waya, unapita kwenye kebo mpaka kwenye ampli. Waya huo ni mukuba. Na sumaku inayosifiwa zaidi, ile wanaita alniko, katika aina yake inayotumika sana, karibu robo ya uzito wake ni kobalti. Kwa hiyo tusiogope mikro kama kitu cha wazungu. Vitu viwili vya ndani yake tunavijua kuliko muuzaji.

Wazee wanakumbuka vita vya mwezi wa 5 wa mwaka 1978, hapa hapa Kolwezi. Baada ya vita ile bei ya kobalti iliruka duniani, na watengenezaji wengi wa bafle kule Marekani na Ulaya wakaacha alniko, wakashika sumaku ya feriti ambayo haina kobalti. Leo gita nyingi za bei nafuu ziko na feriti ndani ya mikro. Sauti yake iko kali kidogo. Lakini haiko mbaya, na mutu asikudanganye kama gita bila alniko haiwezi kuimba.

Turudi kwenye gita zenyewe. Mwaka 1951 Leo Fender, wa Marekani, alianza kuuza base aliyoiita Precision, sababu vyuma vya shingoni vinampa mupigaji noti kamili pasipo kutafuta na kidole kama kwenye kontrabasi. Mwaka 1957 mikro yake ilikatwa vipande viwili, kimoja kwa kamba za mi na la, kingine kwa re na sol. Vipande hivyo vimefungwa kinyume, hata kelele ya «mmmmm» inayotoka kwenye umeme inajifuta yenyewe. Haina pile. Vifungo ni viwili tu, cha nguvu na cha sauti nzito au kali. Sauti yake ni nene, inakaa chini ya waimbaji kama musingi wa nyumba.

Jazz Bass ilikuja mwaka 1960. Hiyo iko na mikro mbili nyembamba, na kila moja na kifungo chake cha nguvu. Hapa kuko utamu mingi. Ukiegemea ile ya karibu na shingo, sauti inalainika; ukiegemea ile ya nyuma, inakuwa na pua, kila noti inasikika wazi, na wapenda seben wanafurahi. Shida yake ni moja: ukizima mikro moja, kelele ya umeme inarudi. Mikro zote zikiwa sawasawa, inatulia. Mahali ambapo umeme uko safi, si kitu. Lakini sisi tunapigia chini ya mabati, karibu na grupu, na waya zilizounganishwa kwa mukono. Kelele ile inaingia mpaka kwenye sala.

Na StingRay ya Music Man, ya mwaka 1976, njo mama wa hizi zenye pile zinazotutia wazimu. Mikro yake ni nene, na ndani kuko kifaa cha kuongeza nguvu kinachokula pile. Sauti yake inapiga kifuani, hatukatai. Kwa mupigaji anayeishi kwa muziki na anayebeba pile mufukoni, ni chombo kizuri sana. Kwa korali ambayo gita inapita mikono minne kwa wiki moja, hapana.

Kamba ya 5 nayo tuiseme. Ile mi ya chini kwenye kamba 4 inatetemeka mara 41 kwa sekunde. Si ya kamba ya 5, mara 31 hivi. Bafle zetu ndogo zile haziwezi kutoa sauti ya chini namna ile vizuri. Zinatikisika tu na kutoa upepo. Tulilipa feza ya kamba ambayo bafle haisemi.

Vijana watajibu kama bila kamba 5 hakuna muziki wa leo. Tunawaheshimu, lakini Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa Jadotville mwaka 1952, alitoa base na kidole gumba peke yake kwenye gita ya mbao, na dunia ilimusikiliza. Na James Jamerson, aliyepiga base kwenye nyimbo nyingi za Motown, alitumia Precision yenye kamba laini, akiivuta na kidole kimoja. Kidole kizuri kinashinda vifungo vitano.

Maoni yetu njo haya: tununue gita ya kamba 4, ya namna ya Precision, bila pile. Si lazima iandikwe Fender. Squier ni jina la bei nafuu la nyumba ile ile, na Yamaha wanatengeneza base zenye mikro ya namna ya Precision pamoja na moja ya namna ya Jazz. Iliyotumika haitukeri, mradi shingo imenyooka. Feza itakayobaki iende kwenye bafle, sababu njo kule tulikuwa maskini tangu mwanzo.

Siku ya kwenda dukani, kijana mwenye kupiga aende nasi. Tubebe kebo yetu na turnevisi. Gita ichomekwe kwenye ampli ndogo, tugonge kila kipande cha mikro polepole na turnevisi: kikiwa kizima, utasikia «to!» kwenye ampli, kikiwa kimya, kuko shida. Kisha kijana apige noti moja moja, kila kamba, kutoka juu mpaka chini ya shingo, na sisi tusimame mbali, karibu na mulango, tusikilize bila kuangalia rangi. Muhazini abaki nje na feza mpaka tumemwita.